Chungu cha Hitima

Kwa jina la Mola ajuaye kilichomo chunguni kabla kifuniko hakijaondolewa. Siku ya hitima ya mumewe, Bi Mwanakheri alipika supu ya kichwa cha ng'ombe. Wazee waliketi mikekani, wanawake nyuma ya pazia, naye, kwa desturi ya mji ule, akaionja mbele ya wote kabla ya kuipakua.

Hapo Shekue, daktari wa mifugo, akaingia bila kuvua viatu. "Bibi, usipakue. Majibu ya vipimo vya yule ng'ombe wako aliyekuwa akipepesuka kabla ya kuchinjwa yamefika."

"Pima na njaa zetu, daktari," mzee mmoja akatania.

"Nimeichemsha tangu alfajiri," akasema Bi Mwanakheri. "Kirusi gani kitahimili?"

"Kirusi kingekufa. Hii ni prioni. Si kirusi wala bakteria. Ni protini iliyojikunja vibaya, nayo ikifika ubongoni huzipotosha zilizo nzima. Haina uhai, bibi. Moto utaua nini?" Akayatazama mabakuli. "Nani ameshakula?"

Mabakuli yote yalikuwa makavu. Upawa peke yake ndio uliolowa.

"Maradhi yake huonekana lini?" akauliza Bi Mwanakheri.

"Pengine baada ya miaka mingi. Pengine yasionekane kamwe."

Bi Mwanakheri akakifunika chungu, akaweka kiganja juu ya kifuniko kana kwamba hakina moto. Mkono wa pili ulikuwa ungali umeshika upawa.

"Basi ombeni dua," akawaambia wageni. "Mola awahifadhi watakaobaki."