Kadi Isiyokufa

Bi Raya alivua kandambili mlangoni mwa benki, kama kawaida yake, akamwachia mpwa wake Shaweji.

“Shaweji kaniambia kadi yangu imekufa, nimpe akaitupe,” alimwambia karani. “Nimekataa. Kwani kadi nayo huugua?”

Karani aliisoma tarehe. “Bado inafanya kazi, bibi, hadi mwisho wa mwezi huu. Huwa tunazibadilisha kwa sababu zinachakaa, na wezi nao wanazidi ujanja. Hata mpya yako imeshatoka.”

“Nipe basi.”

“Ilichukuliwa wiki iliyopita, kwa barua yenye alama ya dole gumba lako.”

Bi Raya alilitazama dole gumba lake, kisha akatazama nje. Nyuma ya kioo cha mlango Shaweji alikuwa amechuchumaa, akizifuta kandambili zake vumbi, taratibu, kwa leso yake mwenyewe.