Kiti cha Picha

Tulikuwa tumeshavaa nguo za sherehe, miaka arobaini ya ndoa, tukimngoja mpiga picha asimamishe kamera yake, ndipo mjukuu wangu Simaloi akanionyesha pweza kwenye simu.

“Bibi, huyu anaitwa pweza wa blanketi. Jike anafika mita mbili. Dume ni kama punje ya harage!”

“Basi hao ni mimi na babu yenu,” nikasema.

Ua mzima ukacheka. Shemeji zangu waliotoka Nduruma walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikageuka nikicheka, nikamwona mume wangu nyuma yangu, amebeba kiti.

Ni kile kiti cha mninga cha siku zote. Mimi ni mrefu, yeye ananifika begani. Tangu picha ya harusi, kila tukipigwa picha ananiletea kiti hicho, mimi nakaa, yeye anasimama nyuma ameshika egemeo. Hatujawahi kuliongelea jambo hilo. Pale anaposhika, rangi imeshatoka.

“Nisamehe, mzee wangu,” nikasema. “Ni ulimi tu.”

“Wamecheka vizuri,” akajibu. Akakiweka kiti chini, akakifuta vumbi kwa kiganja, taratibu, kama anavyonifutia siku zote. Kisha akakikalia mwenyewe. “Leo simama wewe.”

Nikasimama nyuma yake.

“Bibi, mbona unapinda? Simama wima!” mpiga picha akaita.

Nilikuwa nimekunja magoti ndani ya gauni.