Tani Moja Mgongoni

Dereva alikuwa ameegemeza mgongo kwenye turubai la trela, visigino vimechimba kokoto. Alijua akiondoka hapo atapondwa.

Ndani mlikuwa na mifuko ya chokaa iliyopangwa juu ya paleti za mbao, tani moja kila paleti. Turubai hilo la ubavuni, la kuvuta kama pazia, alilifunga mwenyewe nusu saa nyuma. Kabla ya kulifunga aliita, "Shemeji, umemaliza kukaza mikanda?" Hakusikia jibu. Akajua kaka wa mkewe keshakwenda kunywa chai, maana kwa chai mtu yule hana mpinzani. Akabana vifungo vyote, mbio ofisini kuchukua karatasi za safari.

Aliporudi, turubai limefura katikati. Hakuna dereva asiyeijua dalili hiyo: mzigo umelala, umeegemea turubai. Na kanuni ni moja, usiguse kitu. Lakini binadamu haridhiki mpaka aone. Akafungua vifungo viwili achungulie, turubai likamjia. Hakuwa na pa kukimbilia ila kuligeuzia mgongo.

Sasa ndiyo kanaswa. Akisukuma, mzigo unasukuma. Akilegeza, unamfuata. Mwanzo ulimwelemea begani, sasa umeshuka kiunoni.

"Shemeji," aliita. "Shemeji, njoo unitoe hapa."

Jenereta lilinguruma kando ya bohari, nani amsikie? Akamlaani shemeji na mikanda yake iliyolegea. Halafu akaona haya, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi, na pamoja na pumu yake shemeji hajawahi kukataa kupakia chokaa. Akamkumbuka mkewe, bado wiki tatu ajifungue. Yaani mtoto azaliwe yatima kwa sababu ya vifungo viwili? Hofu ikamjaa, machozi yakamtoka hadharani, mtu mzima na ndevu zake. Akakaza magoti, akasukuma kwa nguvu zake zote.

Mzigo nao ukasukuma mara tatu, ya tatu dhaifu. Kisha ukatulia. Akamshukuru Mungu.

Ndipo alipotokea mama anayeendesha forklifti ya kunyanyulia paleti. "We baba, mbona umeganda hapo?"

"Usisogee, mama. Paleti imelala, nimeizuia. Kamwite shemeji huko kwenye chai."

"Chai gani? Leo hajaja, kikombe chake kimepoa tunamngoja." Mama akamtazama juu mpaka chini, mwili wenyewe mwembamba. "Tani moja, baba, umeizuia kwa mgongo?"

"Ilikuwa inasukuma kweli. Sasa imetulia."

Mama alisogea karibu. Alimshika mkono, akamweka kando, na turubai halikumfuata. Akafungua vifungo vilivyobaki, akalivuta.

Paleti zote zilikuwa zimesimama wima, mikanda imekaza barabara. Mbele ya paleti, kwenye upenyo usiotosha hata kugeuka, shemeji alikuwa amepiga magoti, hapumui, uso mweupe kwa chokaa, viganja vyote viwili vimeinuliwa mahali lilipokuwa turubai.