Nzi wa Gatwiri

Kwa miezi mitatu Kirimi alijifunza kufunga nzi bandia wa kuvulia samaki, wale wanaopaswa kuelea juu ya maji, na kila mmoja alizama. Siku moja mkewe, Gatwiri, aliomba kujaribu. Akazungusha unyoya wa jogoo kwenye ndoana, akakaza uzi, akamtia nzi kwenye beseni la maji. Akaelea.

“Kumbe ni rahisi hivi, Baba Kendi!” alicheka.

“Umebahatisha,” Kirimi alisema kwa wivu.

“Basi nifunge mwingine uone.”

Kirimi aliinuka. Alimchukua yule nzi, akashuka mtoni, akamtupa bila kumfunga kwenye mshipi wa kuvulia, ili apotelee mbali. Nzi akatua taratibu, akaelea. Samaki mkubwa akaibuka, akammeza. Mkono mtupu wa Kirimi ukainuka ghafla, kama unaovuta.