Mlezi wa Mimba

Mwasiti hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe, maana kwao mimba haisemwi mpaka ijionyeshe yenyewe. Lakini choo kipya ambacho serikali ilikifunga nyumbani mwao, kinachopima mkojo wa kila anayekitumia, kilikuwa kimeshamchongea. Asubuhi Bi Kidawa alibisha hodi, amebeba maziwa, unga wa lishe na godoro lake la kulalia.

"Hongera, mwanangu. Serikali imenileta nikutunze mpaka ujifungue."

Alipika uji, akadeki, akafua. Kisha akapekua jikoni na kutupa mapapai mabichi na majani yote ya dawa, vitu vinavyosemwa kuharibu mimba, huku akiimba kaswida kwa sauti ya chini. Mwasiti hakuupenda ukarimu ule. Ulikuwa na macho.

"Na kama sijaamua?" aliuliza.

"Kuamua nini?" Bi Kidawa alitabasamu, akamsogezea kikombe cha uji, akasimama hapo mpaka kilipokwisha.

Jioni tumbo likamkata. Mwasiti alinyata hadi chooni, akajifungia. Alipoona damu, hakujua ashukuru au alie.

Nje ya mlango, kandambili zilisimama.

"Usimwage maji kwanza, mwanangu," Bi Kidawa alisema kwa upole. "Nifungulie nione."