Bushi Iliyonasa

Kifusi kilikuwa kimeziba barabara, na ng'ambo yake mkwe wa Ngwali alikuwa anaumwa uchungu wa kuzaa. Mtambo wa kijiko ndio pekee ungeweza kukizoa, lakini bushi, pete nene ya chuma kwenye kiungo cha mkono wa mtambo, ilikuwa imelika na kunasa tunduni. Ngwali aliigonga mpaka mpini wa nyundo ukavunjika.

"Niachie mimi, Baba Rehani," mkewe Mashavu akasema. Akachomelea mstari mnene wa chuma ndani ya bushi, duara zima, kisha akazima mashine ya kuchomelea.

"Tuimwagie maji?" Ngwali akauliza.

"Hapana. Ikipoa yenyewe itasinyaa na kuachia."

Ng'ambo mkwe wao akapiga yowe. Ngwali akainua ndoo. Mashavu akamshika mkono, hakumwachia.

Bushi ikadondoka yenyewe, ikabingirika matopeni. Ng'ambo mayowe yakakoma, wasijue kama ni heri au shari.

Mashavu akaipangusa bushi mpya ya akiba kwa upindo wa kanga, akaisogeza tunduni.