Kadi ya Bibi Minnisa

Mgeni mwenye koti jeusi hakutaka kuviona vitabu. Alitaka kadi tu.

Vera Lvovna alielewa: mtu huyu alikuwa wa polisi wa siri wa Kisovieti, na kufundisha dini kulikuwa kumepigwa marufuku. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akizunguka vijiji vya Watatari kwenye theluji, akiikusanyia maktaba ya chuo miswada ya kale ya Kiislamu. Na kama walivyofunzwa watafiti wote wa Kirusi, kila mswada aliuandikia kadi: umetoka kijiji gani, nani aliuficha, nani bado anaufundisha. Aliona ndiyo heshima ya kuwapa wenyewe.

"Kazi safi, Vera Lvovna," alisema mgeni akizipekua taratibu. "Hukumsahau hata mmoja."

Kadi moja ilikuwa bado mezani, wino haujakauka. Ilikuwa ya Bibi Minnisa, aliyeutoa mswada wake ndani ya pipa la unga akamwambia, "Nakuamini, mwanangu." Vera aliifunika kwa kiganja cha kulia.

"Ndizo zote?"

"Ndizo zote."

Mgeni alilifunga sanduku la kadi, akalitia kwapani, kisha akatabasamu na kumnyooshea mkono wa kuagana.

Mkono ule ulibaki hewani, ukiungoja wake wa kulia, uliokuwa bado juu ya kadi.